Njegere za Jibondo na Birika la Mgeni

Mnaopita hapa kwangu Baleni mkaniona nimeinama juu ya debe lililotoboka, nikinong'ona na mmea, msidhani uzee umenipanda kichwani. Au labda umenipanda, lakini debe halihusiki. Juzi walikuja vijana wawili kwa pikipiki kutoka Ndagoni. Wakaniamkia vizuri, shikamoo babu, marahaba wanangu, kisha mmoja wao akacheka. "Babu, njegere? Hizo si za Lushoto, kwenye baridi? Hapa Mafia si utavuna majani tu?" Nikamwambia avue viatu, akae mkekani, apasue ganda moja. Akakuta mbegu saba za kijani zimepangana, kila moja imejishikiza kwa kijikamba chake. Akazigusa moja moja kwa kidole. Hata mimi, kwa miaka yote hii, nikipasua ganda la njegere huzigusa hivyo hivyo.

Nimekuwa mtunza bustani tangu enzi za Mwingereza. Nimelima mchicha, bilinganya, nyanya, pilipili, na matango ya maofisa wa Kilindoni waliotaka kila tango linyooke. Lakini kazi sikujifunza Baleni wala Kilindoni. Nilijifunza Jibondo, kisiwa kidogo cha mwamba mtupu, mahali ambapo maji ya kunywa yaliletwa kwa chombo cha matanga, na mwenye kutaka udongo naye aliuagiza. Aliyenifunza alikuwa bibi kipofu, jina lake Bi Kidawa. Nataka niwaambie habari zake kabla sijasahau, maana siku hizi nasahau hata fimbo yangu nikiwa nimeishika.

Kwanza mjue kwamba nimeziua njegere nyingi. Wakati ule nilifanya kazi kwa Bwana Salim, mwenye mashamba ya minazi hapa Baleni. Babu zake walitoka Omani, bibi zake walikuwa wa hapa hapa, na yeye mwenyewe alipenda vitu vya kijani kuliko alivyopenda watu. Siku moja alirudi kutoka kwa wakwe zake Tanga na mfuko wa karatasi. "Shaweji," akaniambia, "nimezila hizi zikiwa mbichi, tamu. Nataka niziamkie barazani kwangu."

Nikazipanda wakati wa kaskazi, jua la utosi. Zikaota, zikachungulia dunia, zikaungua. Nikangoja masika, nikachimba tuta zuri, nikalijaza samadi ya ng'ombe, nikazipanda tena. Mvua ilinyesha na mimi nikamwagilia juu yake, asubuhi na jioni. Majani ya chini yalipogeuka manjano nikaongeza maji. Mtu wa Baleni mnamjua, mmea ukinuna yeye anasema una kiu. Siku nilipong'oa mche mmoja, mzizi ulikuwa mweusi na unanuka.

Bwana Salim hakuwa mtu wa kufoka. Alitazama lile tuta, akachezea tasbihi yake, akasema taratibu, "Jibondo kuna bibi haoni, na anaotesha njegere juu ya jiwe. Wewe una macho mawili na ng'ombe wa kukupa samadi. Nenda ukajifunze." Nikaenda nyumbani kumwambia mke wangu Mwanahawa kwamba natumwa kufundishwa bustani na watu wasiokuwa na udongo. Alicheka mpaka akakaa chini.

Nilivuka na chombo kilichopeleka maji, nimebanwa katikati ya mapipa. Chini ya mapipa kulikuwa na makapu ya udongo mweusi. Nikauliza, nikaambiwa ni farumi, uzito wa kukituliza chombo, na kikifika unakwenda kwa Bi Kidawa. Miaka na miaka alikuwa amepatana na mabaharia: badala ya kuweka mawe, waweke udongo wa Mafia. Hivyo ndivyo bustani yake ilivyovuka bahari, kapu moja moja.

Nyumba yake ilikuwa karibu na pale kaka yake, Fundi Athumani, alipoundia vyombo. Nikapiga hodi.

"Karibu. Nani?"

"Shikamoo, Bi Kidawa. Mimi Shaweji, natoka Baleni kwa Bwana Salim."

"Marahaba, mwanangu. Lete mikono."

Nikampa. Akaipapasa viganja, akapitisha kidole gumba kwenye kucha zangu. "Umeua ngapi?" akaniuliza.

Nikataka kuivuta mikono. Nikasema nyingi. Akacheka, akaniambia nikae nile, kazi itaanza kesho.

Vyungu vyake vilikuwa sita, vimepangwa chini ya ukuta wa mashariki, mahali palipopata jua la asubuhi na kuachwa na jua la mchana. Juu yake uliangikwa wavu mkuukuu wa samaki ili miche ipande. Mbegu zake alizihifadhi ndani ya kifuu cha nazi kilichofunikwa kwa kitambaa na kupakwa nta. Zililetwa na marehemu mumewe, nahodha, katika fundo la kikoi, kwenye safari yake ya mwisho kabla ya homa kumchukua. Bi Kidawa aliziona zikichanua msimu mmoja tu, maua meupe, kisha macho yake yakaanza ukungu. Tangu hapo alizipanda kila mwaka. Kila mwaka alivuna, ndugu wakaonja kijiko kimoja kimoja, na zilizobaki zikarudi kifuuni.

"Mbegu hii huchoka," aliniambia. "Ukiiruka msimu mmoja bila kuipanda, inakufa humo humo ndani ya ganda lake. Kwa hiyo kila mwaka nazipanda zote, na nikikosea, basi, imekwisha. Hizi ni amana, Shaweji. Wewe utajifunza kwa mikono yako, lakini mbegu haitoki nyumba hii. Hata kaka yangu sijampa."

Nikasema nimeelewa. Kusema ukweli nilimwona mchoyo.

Sasa nyinyi wenye mipira ya maji na mbolea za dukani, sikilizeni. Bi Kidawa hakuwa na kalenda. Masika yakiisha, kila baada ya sala ya Alfajiri alikwenda kwenye ukuta wa mawe akauwekea shavu. Ukuta ukiwa bado na vuguvugu la jana, alirudi kulala. Siku aliyoukuta baridi, na kesho yake tena baridi, aliita, "Haya, lete kifuu." Njegere inataka ule ubaridi wa kipupwe, na ubaridi huo kwetu ni mfupi. Mpaka leo mimi huweka shavu ukutani, na wajukuu zangu hunicheka.

Chini ya chungu aliweka makumbi ya nazi ili maji yapite yasikae. Juu yake udongo wa farumi uliochanganywa na samadi kavu ya mbuzi. Mbegu aliizamisha mpaka pingili ya kwanza ya kidole. Kabla ya kumwagilia alizamisha kidole mpaka pingili ya pili. Kama huko chini kulikuwa na unyevu aliondoka, hata jua liwe kali namna gani. Kama palikuwa pakavu alichota kata moja ya maji, kile kikombe cha kifuu chenye mpini, na kuigawa kwa vyungu vitatu, polepole, kwenye shina. Kata moja, vyungu vitatu! Mimi kule Baleni nilikuwa namwaga debe zima kwenye kitu kinachotaka funda.

Na ule wavu alikuwa ameuacha nje masika yote unyeshewe. Nilipouliza kwa nini, akasema chumvi lazima itoke kwanza, njegere na chumvi hawakai chumba kimoja. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu aliyeelewa.

Kuna asubuhi moja ambayo nikifumba macho naiona. Miche ilikuwa imefika urefu wa mkono na imetoa vikono, vile vinyuzi vyembamba vinavyotafuta pa kushika. Bi Kidawa aliniita, akanyoosha kidole chake cha shahada, akakigusisha kwenye kikono kimoja, akatulia. "Tazama, mimi siwezi," akasema. Nikatazama. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha nikaona kile kinyuzi kimepinda. Hakuna aliyekigusa, hapakuwa na upepo. Uji wangu ulikuwa haujapoa bado nacho kilikuwa kimezunguka nusu ya kidole cha bibi yule. Nywele zilinisimama. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, nimeshika jembe tangu utotoni, na sikuwa nimewahi kujua kwamba mmea unatafuta, unahisi, unachagua.

"Nacho hakina macho," Bi Kidawa akasema. "Mume wangu alipokufa nilisema sitaishi. Kikanishika hivi hivi."

Baada ya hapo ndipo nilipofanya upumbavu wangu.

Bi Kidawa alishikwa na homa, akalala ndani siku nane. Vyungu akaniachia mimi. Sasa karibu na baraza lake palikuwa na jiwe bapa ambapo Fundi Athumani na mafundi wenzake walitawadha wakitoka kazini. Kulikuwa na pipa la maji ya mvua pembeni, nami kila adhana nilikuta birika langu limeshajazwa, na maji yaliyotoka miguuni mwao yalitiririka kwenye mfereji mdogo, yakapotea mwambani. Niliumia kuyaona. Kisiwa kizima kinahesabu matone, na maji yanapotea! Nikajiambia, Shaweji, wewe una akili. Nikavihamisha vyungu vyote sita, pamoja na wavu wake, nikavipanga chini ya jiwe, kila chungu kipate michirizi ya watu wanaotawadha mara chache kwa siku. Nilitaka Bi Kidawa akiamka apigwe na butwaa.

Kidole sikuzamisha tena. Maji yalikuwa yanajimwagilia yenyewe, na mimi nikakaa barazani najisifu. Siku ya nne kingo za majani zikaanza kuwa kahawia. Nikasema ni jua la mahali papya, nikaziba jua kwa makuti yaliyosukwa. Siku ya sita majani yalikuwa yanakunjamana.

Siku ya tisa bibi alitoka, anashika ukuta. Akaenda moja kwa moja mahali pa vyungu vyake, akapapasa hewa.

"Vyungu vyangu viko wapi?"

Nikamshika mkono, nikampeleka, bado nikiwa na tumaini la kupongezwa kwa wazo langu. Akagusa jani, likakatika vidoleni mwake kwa mlio wa karatasi. Akagusa ukingo wa chungu, palipokuwa na ukoko mweupe ambao mimi niliudhani majivu, akakipeleka kidole ulimini. Akatema mate pembeni.

"Shaweji, hapa wanatawadha kwa maji gani?"

"Maji tu, bibi. Ya lile pipa."

Fundi Athumani alikuwa amefika na tezo yake ya kuchongea mbao begani. Aliitua chini. "Shaweji," akaniambia kwa sauti ya chini, "pipa la mvua lilikauka mara tu masika yalipokwisha. Tunachota pwani. Maji ya bahari ni tohara, kiangazi chote tunatawadha kwa hayo. Kila mtoto hapa anajua."

"Lakini mimi," nikasema, "mimi nimetawadha hapa kila siku kwa maji matamu!"

Fundi Athumani akainamisha kichwa. Jibu lilikuwa limekaa juu ya jiwe, birika langu. Tangu siku niliyofika, kila kabla ya adhana, mtu fulani wa nyumba ile aliniwekea birika la maji matamu, kwa sababu nilikuwa mgeni. Wao wenyewe walisukutua kwa chumvi, na mgeni wao hakuambiwa, asije akaona haya. Nilikuwa nimeishi mwezi na zaidi juu ya maji yaliyotolewa vinywani mwao bila kujua, na kwa kutokujua huko nilikuwa nimewaulia amana yao. Nililia, nawaambia bila haya. Fundi Athumani alitazama pembeni ili anisitiri.

Bi Kidawa hakulia. "Chombo cha maji kinakuja lini?" akauliza.

"Kimechelewa. Labda kesho kutwa, labda zaidi," akajibu Fundi Athumani.

"Basi hayatoshi vyungu sita. Kuitoa chumvi ni kuiosha, na kuiosha ni maji mengi. Tunaokoa kimoja."

Akapita kwenye vyungu, akinyoosha kidole kile kile cha shahada na kukigusisha kwenye kila kikono cha juu kabisa. Chungu cha kwanza alisubiri, hakuna kitu. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu kikono kilivunjika. Cha nne nacho hakikusogea. Cha tano kilikuwa kibaya kuliko vyote, nusu ya majani yamekwisha, kimeinama, mimi ningekitupa cha kwanza. Akasimama pale muda mrefu mno kwa mtu aliyetoka homani, Fundi Athumani akamshika kiwiko. Kisha nikaona. Polepole, kwa shida, kile kinyuzi kilikuwa kinapinda kuelekea ngozi yake.

"Hiki," akasema.

Nikakimbilia birika langu nikalimimina lote. Maji yakatokeza chini ya chungu, bibi akayaonja, akatikisa kichwa. Chumvi. Tulimimina yaliyobaki mtungini, tukajiachia ya kunywa usiku ule tu, akaonja tena. Bado chumvi. Nikaona mambo yamekwisha.

Sijui nani alipeleka habari kwa majirani. Fundi Athumani aliapa si yeye. Lakini baada ya Alasiri akaja mwanamke mmoja, kata mkononi, ameifunika kwa kiganja isimwagike. Akasema bismillahi, akamimina, akaondoka. Akaja mwingine. Wakaja wakiwa wawili, watatu. Kata moja, wanangu, siku zile ilikuwa kiu ya mtu mmoja kwa nusu siku, na chombo hakijaonekana. Hakuna aliyenilaumu, hakuna aliyesema neno kuhusu njegere. Mmoja alimwambia tu Bi Kidawa pole kwa homa. Kila mara bibi alionja yaliyotoka chini, na yale yaliyotoka tuliyakinga kwenye kopo tukawapa mbuzi, maana kupoteza ilikuwa haramu ya kisiwa. Nilihesabu kata kumi na tatu. Ile ya kumi na tatu bibi aliionja mara mbili, akasema, "Basi. Matamu."

Huwa nafikiri juu ya hilo nikiwa sina usingizi. Watu wenye kiu walimimina maji yao kwenye chungu cha jirani kipofu, kwa ajili ya mmea ambao kila mmoja wao angeonja kijiko tu. Hayo ni makubwa kwangu kuliko vyombo vyote alivyounda Fundi Athumani, na alikuwa fundi kweli.

Tangu jioni ile nilikataa birika. Walibishana nami, nikatawadha kwa maji ya bahari mbele yao, nikasukutua, macho yakanitoka machozi, wakacheka.

Kile chungu kilipona. Hakikupendeza, lakini kilipona. Kikatoa maua machache na maganda yasiyojaa, na hakuna aliyeonja kijiko mwaka ule. Tuliziacha zikauke shinani mpaka maganda yakawa yanagonga yakitikiswa. Zikatoka mbegu kumi na tisa. Bi Kidawa akazipitisha zote kwenye kidole gumba, kumi na saba akazirudisha kifuuni. Mbili akaniwekea kiganjani na kukifunga.

"Bibi, ulisema hazitoki nyumba hii."

"Nilikosea. Amana nimeifungia mahali pamoja mpaka imekaribia kunifia. Zipande kwako."

Niliporudi Baleni, Mwanahawa aliziona zile mbegu mbili na kuniuliza kama nimekaa Jibondo miezi yote hiyo kwa ajili ya hizo. Nikamwambia ndiyo. Mwaka uliofuata niliweka shavu ukutani, nikazipanda kwenye debe. Moja haikuota. Nyingine ilipanda mpaka dirishani kwa Bwana Salim, ikachanua. Alitoka asubuhi na kanzu yake, akasimama mbele ya yale maua meupe, akasema subhanallah, akasahau chai yake. Nikamwambia hazitaliwa mwaka huu. Akanitazama sana, kisha akasema, "Wewe ndiye fundi."

Mwaka wa pili, kabla ya kipupwe, watu wa chombo cha maji waliniletea habari. Panya walikuwa wametoboa kitambaa cha kifuu. Bi Kidawa hakubakiwa na hata moja.

Nilichukua kifuu changu, chenye mbegu zote nilizokuwa nazo, nikavuka. Nilimkuta amekaa chini ya ukuta wa mashariki, vyungu vyake sita viko tayari na udongo, vitupu. Nikapiga hodi, nikamwamkia, nikamwekea kifuu mapajani. Akazamisha vidole. Akaziteka, akaziacha zidondoke tena kifuuni. Akazihesabu taratibu, moja moja, kwa kidole gumba, kisha akatafuta mkono wangu na kunirudishia mbili.

Adhana ya Alasiri ikasikika. Nikaenda kwenye jiwe kutawadha, nikatazama huku na huku. Kulikuwa na debe la maji ya pwani, na Fundi Athumani anasogea kunipisha nafasi. Birika halikuwepo. Safari hii hakuna mtu aliyeniwekea.

Nikainama, nikateka maji ya chumvi, nikasukutua pamoja nao.